Messi Kasajiliwa Yanga

Vijana wa Digodigo hawana shukrani. Nakwambia ukweli jirani, na kama una kijana wako anayekuja pale dukani kwangu mfikishie. Mtu anakuja na jero moja, imekunjwa mara nne, ina jasho la mfukoni, halafu kwa jero hiyohiyo anataka Ronaldo akimbie. Mimi nina steshenari. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, naandika barua za kuomba kazi, naingiza nyimbo kwenye simu. Gemu ya mpira niliiweka kwa wema tu, na kwa jero. Sasa imegeuka kesi. "Mjomba, mashine yako inakwama." "Mjomba, nimepiga shuti jana, goli litaingia kesho." "Mjomba, kipa kadaka mpira haujapigwa." Wananisema hivyo mbele ya wateja wa fotokopi, watu wazima na heshima zao.

Mashine yenyewe haina ubaya. Ni zile desktop nyembamba za maofisini, zimetumika ng'ambo mpaka zikachokwa, zikapitia Dubai, zikaja kumalizia uzee kwetu. Maisha yake yote imeandika barua na kupiga hesabu za mishahara. Leo unaipa Messi. Lazima ishtuke.

Mpwa wangu anayesoma Arusha akanipigia simu. "Anko, shida ni grafiksi. Hiyo mashine inachora picha kwa kutumia prosesa. Weka kadi ya grafiksi, mchezo umekwisha." Nikasikia kadi, nikajua ni kitu cha kuingia kwenye pochi. Nikauliza bei. Nikakaa chini. Ilikuwa bei ya mbuzi wawili, na si mbuzi wadogo. Mke wangu aliposikia akacheka, akadhani nimekosea kusikia. Alipoona nawafungua kamba hakucheka tena.

Mimi na biashara tunapishana njiani, hilo mtaa mzima unalijua. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alipokuwa akitoa kikombe pale Samunge, jirani tu hapo, nchi nzima ilihamia kwetu. Foleni ya magari kilomita kwa kilomita. Wakenya walikuwepo, vigogo walikuwepo, helikopta zilitua. Watu waliuza chai, wakauza maji, wakakodisha turubai, wakajenga. Mimi nikapiga hesabu kichwani: dawa inanyweka kwa kikombe, kikombe shilingi 500, watu maelfu. Nikaenda kununua katoni za vikombe vya plastiki. Kumbe Babu ana vikombe vyake. Mpaka leo kwangu ukija ukaomba maji huwezi kukosa kikombe.

Basi nikaenda Arusha. Barabara sikusimulii, kama umewahi kupita Engaruka na Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, halafu ukapanda huku juu, unajua vumbi lake linapenya mpaka kwenye chupa yenye kizibo. Dukani nikakuta kijana kavaa miwani. Badala ya kuniuzia akaanza kunihoji.

"Mzee wangu, mashine yako ni nene au nyembamba?"

Nikamwambia ya wastani.

"Pawa saplai yake wati ngapi?"

Nikamwambia zinatosha, maana tunachomeka na jagi la umeme na halilalamiki.

"Monita ni ya VGA au HDMI?"

Nikamwambia ni ya inchi 19.

Akanitazama. Nikamtazama. Akaamua kuuza.

Nisimseme vibaya, akanichagulia ndogo isiyotaka waya wake wa umeme. Alinieleza vizuri tu. Lile tundu refu kwenye madabodi, wanaliita PCI Express, linaweza kuilisha kadi mpaka wati 75. Kadi inayokula zaidi ya hapo inataka waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, wa pini sita au nane, na hizi mashine nyembamba za maofisini mara nyingi hazina waya huo. "Hii itashibia hapohapo kwenye tundu," akasema. "Haitakusumbua." Neno hilo nimelitunza. Siku nikirudi Arusha nitalirudisha dukani likiwa kwenye boksi lake.

Nikaipakata njia nzima. Mama niliyekaa naye siti moja akaniuliza nimebeba nini kwa adabu namna hiyo. Nikamwambia kadi ya grafiksi. Akamhamishia mtoto wake upande wa dirishani.

Nyumbani nikafungua mashine. Kadi haikuingia. Nyuma yake kuna kibati cha chuma, kile kinachofungwa skrubu kwenye ubavu wa mashine. Kibati kirefu, mashine nyembamba. Nikampigia mpwa wangu, naye akanipa namba ya rafiki yake fundi kompyuta. Fundi akacheka. "Mzee wangu, ndani ya boksi kuna kibati kifupi cha mashine nyembamba. Fungua skrubu, badilisha."

Kilikuwepo kweli. Kilikuwepo. Nilikiona wakati nafungua boksi, nikajua ni vile vyuma wanavyoweka ili mzigo usicheze. Kitinda mimba wangu alikuwa ameshakifunga kwa waya mbele ya gari lake la kopo.

"Baba anaomba hicho chuma."

"Hiki bampa."

"Baba atakupa kingine." Nikamtolea kile kirefu.

Akakipima kwenye gari. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. "Kimezidi."

Nikapandisha dau. Pipi akakataa. Jero akaipokea, lakini bampa hakutoa. Akasema jero ni ya kufikiria. Mwisho tulikubaliana soda nzima, baridi, ya peke yake, na mimi nimtafutie bampa nyingine kabla ya Jumapili. Mimi ndiye namlipia mtoto huyu daftari.

Kadi ikaingia. Nikaisukuma kidogokidogo, kwa vidole viwili, maana mbuzi wawili husukumi kwa nguvu. Nikawasha. Feni ikazunguka. Mashine ikapiga kelele: piiiiii, pi, pi. Nikafurahi, nikajua imempokea mgeni. Ila kioo kikabaki cheusi tii. Nikazima, nikawasha. Piiiiii, pi, pi. Vijana wameshajaa mlangoni, jero mkononi.

Sasa, kwangu mtandao wa simu unashika sehemu moja tu, zizini, ile kona ya upande wa mashariki. Nikamwacha kijana mmoja dukani awashe, mwingine mlangoni apokeze, mimi nikaingia kati ya mbuzi waliobaki, nikampigia fundi.

"Inalia?" fundi akauliza.

"Inalia."

"Inaliaje?"

"Inalia vizuri tu."

"Mzee wangu, niigizie. Mlio mmoja au mingi? Mrefu au mfupi?"

Nikaigiza. Akasema hasikii, mtandao unakatika, niongeze sauti. Nikaongeza. Mbuzi wakaitikia. Akasema rudia, nimechanganyikiwa na mbuzi. Nikaziba sikio moja, nikainama, nikaitoa kutoka tumboni: piiiiiii! pi! pi! Ninapoinua kichwa, mama mkwe wangu yupo njiani na mzigo wa kuni, kasimama. Tangu nimwoe binti yake sijawahi hata kupiga chafya kwa sauti mbele ya yule mama. Hakusema neno. Akainamisha uso, akavuka upande wa pili wa njia, akaenda zake. Jioni mke wangu akaniuliza taratibu kama siku hizi napata usingizi.

Fundi yeye alifurahi. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kwenye mashine nyingi, maana yake haioni kadi. Haijakaa. Nizime, nichomoe waya wa umeme kabisa, niitoe, yale meno yake ya rangi ya dhahabu niyafute kwa raba ya penseli, halafu niirudishe na kuisukuma mpaka ilie tak. Raba nikaazima kwa mwanafunzi. Akasimama pembeni yangu muda wote, mkono kaunyoosha, anasubiri raba yake. Nikasukuma. Tak! Moyo ukanilipuka, nikajua mbuzi ndio wamevunjika. Kumbe ndiyo yenyewe hiyo.

Piiiiii ikaisha. Kimya. Kioo cheusi, halafu kikaandika NO SIGNAL. Maandishi yakatembea polepole, yakagonga kona, yakarudi. Yakachoka, monita ikalala.

Hapo kila mtu akawa daktari. Dereva bodaboda akasema plagi imeingia mafuta. Mwingine akasema monita imemkataa mgeni, tuiache izoee. Kuna aliyesema nimepigwa, kadi ni kimeo, na alilisema hilo kwa furaha ambayo sikuipenda. Nikaendelea kuzima na kuwasha, maana ndilo lililokuwa kwenye uwezo wangu.

Ndipo akaingia mzee mmoja wa maji, kaleta karatasi zake za fotokopi. Sisi Batemi, mnaotuita Wasonjo, maji ya chemchemi hayaendi shambani kwa matakwa ya mtu. Kuna mifereji, kuna zamu, kuna wazee waliorithi kazi ya kugawa kutoka kwa baba zao, na zamu ikikupita imekupita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka bakora yake kwenye kaunta, akatazama kioo.

"Huo waya wa picha umeuchomeka wapi?"

"Palepale pa siku zote, mzee."

"Na kinachochora sasa ni hicho kifaa kipya?"

"Ndicho."

"Basi maji umeyafungulia mfereji mpya, na wewe umesimama na jembe kwenye mfereji wa zamani." Akachukua fotokopi zake. Hakulipa, na mimi nilishindwa kumdai.

Fundi naye akasema hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Mashine nyingi za aina hii zikishaiona kadi zinalizima zenyewe tundu la picha la zamani. Waya wa monita unatakiwa uchomekwe kwenye kadi. Sasa mimi nauliza. Kama limezimwa, kwa nini wameliacha wazi pale linanitazama? Waliwekee hata kizibo. Waandike "hamieni jirani". Mtu utajuaje?

Nikageuza mashine. Kadi haina tundu la waya wangu.

Waya wangu ni ule wa VGA, kichwa cha bluu, pini kumi na tano kwenye safu tatu, skrubu mbili za pembeni. IBM waliutoa mwaka 1987 na tangu hapo umefanya kazi bila kumsema mtu. Kadi yangu ina tundu la HDMI, ina lingine linalofanana nalo lenye kona moja iliyokatwa, na ina moja kubwa jeupe lenye vitobo vingi. Nikajaribu kuuchomeka kwa heshima. Halafu bila heshima. Jeupe ndilo lililokaribia kukubali, nikabonyeza, nikasikia kitu kimelegea, nikaacha.

Kijana mmoja akakumbuka wana adapta kwao, ya kutoka jeupe kwenda VGA. Ikaletwa inakimbia. Ikakaribia kabisa kuingia, ila ina vipini vinne vya ziada vilivyozunguka kile kipini kipana, na kwenye tundu la kadi vitobo vyake havipo. Bodaboda akaleta koleo. "Mjomba, tunavikata vinne tu." Tulikuwa tumeshaishika. Bahati nikakimbilia zizini kwanza.

"Usikate!" Fundi alipiga kelele mpaka mbuzi wakasogea. "Hilo tundu ni DVI ya dijitali peke yake. Hivyo vinne ndivyo vinabeba analojia, na kwenye hiyo kadi analojia haipo. Utakata, itaingia, na hutaona kitu."

Kumbe kufikia 2016 watengenezaji wakubwa wa kadi walikuwa wameshaondoa analojia kwenye kadi zao mpya. Hawakuniuliza. Ni yaleyale ya televisheni. Dar es Salaam walizimiwa mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na mtu mwenye televisheni nzima kabisa, inawaka, inang'aa, akaambiwa bila king'amuzi atazame chenga. Sasa chenga zimenifuata mpaka kwenye kompyuta. Dawa yake nayo ni king'amuzi: kidude kidogo cha kutoka HDMI kwenda VGA, ndani kina chipu inayogeuza dijitali kuwa analojia. Nikatuma hela, konda akakileta. Kikawa cha kutoka VGA kwenda HDMI. Vinafanana sura, vinafanana rangi, ila kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake hata ukikigeuza kichwa chini miguu juu. Nimekigeuza, usidhani sikukigeuza. Nikatuma hela tena.

Kilipofika chenyewe, jirani, picha ikaja! Vijana wakapiga makofi. Mimi nikasimama mikono kiunoni.

Picha ilikuwa ya njano.

Na mapande ya maandishi. Na kila kitu kimetanuka, vile vijipicha vya kwenye desktop vimenenepa vyote. Fundi akasema unene huo ni kukosa draiva; mashine inatumia ile ya dharura, inachora 1024 kwa 768 kwenye kioo ambacho chenyewe ni 1440 kwa 900, lazima ivute mashavu. Njano? Akasema labda nayo ni draiva, tuweke kwanza. Draiva ina zaidi ya megabaiti 500. Bando langu la wiki nzima, lile ambalo mke wangu hupigia video kwa dada yake, likaondoka kwa usiku mmoja nimekaa zizini na simu. Na hapo ukumbuke kwamba usiku huohuo ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilikumbuka, sikusahau. Nilikumbuka ikiwa asilimia 94.

Nikarudi dukani, nikahamishia kwenye mashine, nikaanza kuiweka. Ikaenda, ikaenda, halafu kioo kikazima ghafla. Cheusi. Nikasubiri kwa muda ambao mtu mwenye mbuzi wawili ndani ya boksi anaweza kusubiri, yaani pumzi moja, nikachomoa waya ukutani. Usiku huohuo fundi akaniambia draiva ikiwa inawekwa ni kawaida kioo kuzima sekunde chache kisha kurudi. Kawaida! Ni nani huyo aliyekaa akaona hii ndiyo kawaida? Mashine ikawa inawaka nusu, inaingia kiza, inawaka nusu. Ikabidi tuipitishe kwenye ile hali ya usalama, ambako inaamka na vitu vichache tu, tukaifuta ile draiva nusu yote mpaka mabaki yake, tukaanza upya. Kioo kilipozima safari hii nilitoka nje kabisa, nikafunga mlango, nikatazama nyota.

Mke wangu ndiyo anarudi kutoka mferejini, tochi mkononi, jembe begani, tope mpaka magotini. Akanikuta nimesimama nje ya duka langu mwenyewe.

"Viazi vimekunywa," akasema. "Na wewe, baba watoto, umekunywa chai?"

Sikuwa nimekunywa. Aliniacha hivyohivyo.

Draiva ikakaa. Maandishi yakawa madogo, mashavu yakarudi, gemu ikafunguka. Na mwendo, aisee! Ronaldo anakimbia mpaka unamwonea huruma beki. Hakuna kukwama. Ila njano ikabaki palepale, na vijana hawakuweza kusubiri, wakaanza kucheza nayo.

Mmoja akachagua Argentina. Unazijua jezi za Argentina, mistari ya bluu ya anga na myeupe. Wakatoka kwenye korido. Myeupe imekuwa ya njano. Bluu ya anga imekuwa kijani. Duka zima likanyamaza. Njano na kijani, mistari kwa mistari, Messi anaongoza na kitambaa mkononi.

"Messi kasajiliwa Yanga!"

Basi. Siku hiyo fotokopi haikutoka hata moja. Wale wa Yanga walikuwa wanapanda juu ya benchi. Wakaita wenzao. Wale wa Simba wakaja kwangu wakali, wananiuliza kadi nimeinunua wapi, nani kanituma, nimelipwa shilingi ngapi. Wakaweka timu yenye jezi nyekundu na bukta nyeupe wajifariji. Bukta zikatoka njano. Wakaweka Madrid, weupe wote umekwenda Jangwani. Kijana mmoja, mwenye mwili na sauti, akataka jero yake irudi, kwa sababu alilipia mpira, hakulipia kudhalilishwa.

Nikapiga skrinshoti nikamtumia fundi. Akajibu: "Mzee wangu, mbona rangi ziko sawa?" Nikaifungua kwenye simu yangu. Ziko sawa. Argentina ni Argentina. Natazama monita, Yanga. Natazama simu, Argentina. Mke wangu akanishika kope, akaivuta chini, akasema twende ukaangaliwe, labda ni ini. Nikaenda. Nesi akanimulika tochi, akaniuliza naona njano wapi. Nikamwambia kwa Messi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, kirefu.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, alikuja kuchapisha mtihani. Akasema skrinshoti inachukuliwa ndani ya mashine, kabla picha haijatoka kwenda kwenye waya. Kama ndani rangi ni nzima, kadi ni nzima na draiva ni nzima. Ugonjwa uko baada ya hapo, kwenye waya au kwenye monita. VGA inasafirisha nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa pini yake. Bluu ikikatika njiani, nyeupe inabaki nyekundu na kijani, na mwanga wa nyekundu na kijani ukichanganyika unaona njano. Bluu ya anga nayo ikipokonywa bluu yake inaangukia kijani. Alieleza vizuri mpaka vijana wa Simba wakatulia.

Akauchomoa waya, akageuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Mimi ndiye niliyeona kwanza: safu ya kati, pini moja haipo! Pengo kabisa. Nikapata mtu wa kumlaumu palepale, yule kijana aliyeleta adapta, nikamwambia atalipa. Kijana akaanza kuapa kwa mama yake. Mwalimu akanigusa bega. "Hiyo ni pini ya tisa. Nyaya nyingi haiwekwi kabisa kiwandani. Tazama safu ya juu, ya tatu." Ya tatu imelala chali, imejikunja pembeni ya mwenzake. Akaniuliza imepindaje. Nikamwambia nyaya za siku hizi ni laini sana.

Sindano ya mke wangu ya kushonea ndiyo iliyofanya kazi. Mwalimu alishika kichwa cha waya, mimi nikaingiza ncha ya sindano chini ya kile kipini, chembamba kuliko njiti ya kiberiti iliyochongwa, nikakiinua kidogo, nikapumua, nikakiinua kidogo. Ukikivunja umekwisha. Jasho linadondokea kwenye mtihani wa fizikia. Kikasimama, kimeyumba kidogo lakini kimesimama. Tukachomeka. Nyeupe ikawa nyeupe. Argentina wakavua jezi za Yanga, Simba wakashangilia, yule mwenye sauti akataka jero yake irudi palepale kwa sababu sasa mechi ya kwanza haihesabiki. Nikamrudishia.

Unadhani nimepumzika? Jana jioni nafunga duka, wamekuja watatu, wa Yanga hao, wameinama wananong'ona. Jumamosi kuna watani wao wanataka kuja kucheza. Wanaomba siku hiyo moja tu nikipinde tena kile kipini. Watalipa buku badala ya jero, kila mchezo. Nimewaambia sifanyi mambo hayo, mimi ni mtu mzima. Halafu nikapiga hesabu, wachezaji kumi na wawili, buku, kuanzia mchana mpaka usiku. Nimewaambia buku mbili, na sindano waje nayo wao.